Kilo Sabini na Moja Kwenye Buti

Siku mliponiaga pale kliniki, kwa keki na ile kadi yenye sahihi hadi za watu wa usafi, mliniomba jambo moja: niwaandikie wauguzi wapya yale niliyojifunza katika miaka ishirini na sita ya kusafisha damu za watu kwa mashine. Nimekaa wiki tatu nikijaribu. Kila nikianza na mashine, kalamu inakwenda kwenye gari, na sasa nimeiacha iende. Wengi wenu mlijua nina gari la zamani. Wachache sana mlijua kwamba Jumamosi nilikuwa nikilikimbiza robo maili, mimi bibi wa miaka sitini na tatu, nimevaa helmeti juu ya kilemba. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara wangu haukuwahi kumshangaza mtu.

Siku yangu ya kwanza Fort Worth, Texas, nilikabidhiwa kwa muuguzi mkuu aliyeitwa Loretta, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Nilikuwa nimetoka Kenya na vyeti vyangu vyote kwenye bahasha ya plastiki, nikidhani atanionyesha mashine. Akanipeleka kwenye mizani.

"Kabla hujamgusa mtu, mpime," aliniambia. "Ukimaliza, mpime tena. Kazi yako iko kati ya namba hizo mbili."

Hesabu yenyewe mnaijua. Mgonjwa ambaye figo zake zimegoma huja na maji mwilini, kilo mbili, kilo tatu, na mashine huyatoa. Ukikosea uzito wake utamtoa maji kupita kiasi, naye atazirai mikononi mwako. Loretta alinisimamia mwezi mzima nikipima na kuandika kabla hajaniacha peke yangu. Hakuwahi kunisifu. Siku aliyostaafu alinipa kalamu yake, nikajua nimesifiwa.

Nyumba ya Grand Prairie niliinunua baadaye sana, binti yangu Wanja alipokuwa amemaliza chuo na mimi nimechoka kulipa kodi. Aliyeniuzia alikuwa na haraka ya kuhama, na kwenye gereji aliacha vitu vitatu: ngazi iliyovunjika, friji iliyojaa buibui, na gari la milango miwili la mapema miaka ya sabini, boneti ndefu kama kitanda cha watu wawili, halina magurudumu, limeketi juu ya matofali. Nilimpigia simu kumwambia kwamba amesahau gari. Akasema hakusahau. Wiki iliyofuata alinitumia karatasi za umiliki kwa posta na hakupokea simu yangu tena.

Nilimwita Deo aje alivute alipeleke kwa watu wa vyuma chakavu. Deo ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, Mkatoliki wa kusali rozari akiwa kwenye foleni, na kazi yake ni kutengeneza foklifti kwenye ghala moja hapa Grand Prairie. Nilimfahamu kupitia mkewe, ambaye alikuwa msaidizi wetu pale kliniki. Alifungua boneti, akainama, akaiangalia injini muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwangalia maiti.

"Shikamoo, Mama Wanja," alisema hatimaye.

Tulikuwa tumeshasalimiana. Deo huamkia upya anapotaka kuomba kitu kikubwa.

"Marahaba, Deo. Unataka nini?"

"Naomba usiliuze hili gari."

"Siliuzi. Nalitupa."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, mama."

Alikuja kila Jumapili baada ya misa kwa mwaka mmoja na nusu. Mimi nilishika tochi, nikaosha plagi kwa mswaki, nikajifunza kwamba injini ina silinda nane na kwamba kila moja ina tabia yake, kama wagonjwa wa zamu ya Jumatatu. Waamerika huyaita magari ya aina hii magari ya misuli. Tulipoliwasha mara ya kwanza, jirani yangu alitoka nje amejifunga taulo. Alisikiliza kidogo, akainua dole gumba, akarudi kuoga.

Sikuwa na nia ya mashindano. Nia yangu ilikuwa kwenda nalo dukani na kanisani. Ila siku moja kwenye barabara kuu nilikanyaga mafuta nipite lori, na gari likafanya kile lilichoundiwa, na nyuma yangu zikawaka taa za polisi. Alikuwa kijana mpole. Aliniandikia tiketi, kisha kwenye kipande cha karatasi akaniandikia jinsi ya kufika uwanja mmoja nje ya mji ambako watu wa kawaida hukimbiza magari yao Jumamosi bila kumkosea mtu. "Ma'am," alisema, "please do it there."

Siku ya kwanza uwanjani nilikuwa na woga wa zamu ya kwanza, ule wa kuhisi kila mtu anaona kwamba hujui choo kiko wapi. Unasogea mpaka kwenye mstari pamoja na mwenzako mmoja, mnasimama ubavu kwa ubavu. Mbele yenu kuna mlingoti wa taa: njano, njano, njano, kijani. Ikiwaka kijani, mnakwenda moja kwa moja robo maili, na mwishoni unapewa karatasi ndogo yenye muda wako. Yangu ilisema sekunde 17.41. Aliyenishinda alikuwa mama mwenzangu katika gari la kubebea familia, na viti vya watoto vilikuwa bado vimefungwa nyuma. Deo aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

"Tumeanza," alisema, kwa unyenyekevu uliokaribia kuwa uongo.

Hapo ndipo uuguzi uliponisaidia. Nililifungulia gari faili. Daftari gumu, ukurasa mmoja kwa kila mbio: joto la hewa, unyevu, upepo wa tairi, ni nini tulichobadilisha na muda uliotoka. Deo, kama mafundi wengi, alikuwa mtu wa kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo na kumshukuru Mungu kwa jumla. Nilimkataza. "Ukimpa mgonjwa dawa tatu akapona," nilimwambia, "utajuaje ni ipi iliyomponya? Na akifa, utajuaje ni ipi iliyomuua?" Alifikiri kidogo, akarudisha spana mbili kwenye sanduku.

Tukaenda kitu kimoja kimoja. Kusogeza taiming ya plagi mbele kidogo kulitupa nusu sekunde. Tairi pana za nyuma, zikiwa na upepo mdogo ili zishike lami, zilitupa karibu sekunde nzima. Gia za difu, pale kwenye ekseli ya nyuma, alizozipata Deo kwa mtu wa Fort Worth zilitupa nyingine. Nami nikajifunza kuondoka: mwanzoni nilikuwa nakanyaga mafuta kwa hasira, tairi zinazunguka pale pale zikitoa moshi, watazamaji wanapiga makofi, na mpinzani ameshafika. Wanasema haraka haraka haina baraka, na sijaona mahali methali hiyo ilipo ya kweli kuliko kwenye mashindano ya kwenda haraka. Unakanyaga taratibu, gari linainuka kidogo mbele, ndipo unakanyaga mpaka mwisho.

Kesi ngumu kuliko zote katika miaka hiyo ilikuwa ya gari kukohoa katikati ya uwanja. Nyumbani lilikuwa zima. Njiani lilikuwa zima. Likifika mbioni, kwenye kiangazi, linakohoa na kufa. Deo alibadilisha plagi, nyaya, pampu, na mwisho akaanza kutaja majina ya watakatifu ambao sisi Wapresbiteri hatuwajui. Wiki sita. Jawabu lilikuwa kwenye daftari: halikukohoa hata mara moja siku yenye ubaridi. Bomba la petroli lilipita karibu mno na bomba la moshi, petroli ikawa inachemka kabla haijafika kwenye kabureta. Gari lilikuwa na homa. Tulilihamisha bomba upande wa pili, likapona siku hiyo hiyo.

Kufikia mwaka wa tano tulikuwa tunakimbia 14.20. Kutoka 17.41, hilo si jambo dogo. Ndipo tukajiingiza kwenye mchujo wa mchana, na hapo ndipo aibu yetu ilipoanza.

Lazima niwaeleze mchujo unavyokwenda, kwa sababu watu wengi hudhani mwenye gari la kasi ndiye mshindi. Sivyo. Kila dereva huandika kwenye kioo cha gari lake muda anaotabiri atautumia. Nikiandika 14.20 na wewe ukaandika 15.20, wewe unawashiwa kijani sekunde moja kabla yangu, na wa kwanza kufika ameshinda. Ila kuna sharti: ukikimbia haraka kuliko ulichoandika, umeshindwa, hata kama umefika jana. Kwa hiyo hushindani na mwenzako sana. Unashindana na kile ulichosema juu yako mwenyewe.

Sasa fikirieni sisi. Mimi nimelelewa na mama aliyeniambia mtu hajisifu, husifiwa. Deo amelelewa vivyo hivyo, tena na masista. Gari linakimbia 14.20, Deo ameshika chaki nyeupe mbele ya kioo.

"Tuandike 14.50, mama. Tusije tukaonekana tunajigamba."

"Weka hiyo 14.50."

Tukakimbia haraka kuliko hiyo, tukatolewa. Msimu mzima tulitolewa kwa adabu. Mwishowe mzee mmoja wa pale uwanjani, anayekagua mikanda na helmeti, alituuliza kama huko kwetu kusema ukweli ni dhambi. Tukaacha. Tukaanza kuandika kile ambacho gari lilikuwa limekimbia asubuhi ya siku hiyo, hadi sehemu ya mia ya sekunde.

Na bado tukatolewa. Hilo ndilo lililoniuma. Asubuhi, mbio za majaribio: 14.20, 14.21, 14.20. Tunaandika 14.20. Mchana, mchujo: 14.05. Tumevuka tulichoandika, kwaheri. Jumamosi baada ya Jumamosi. Mchana wa Texas kuna joto, na joto hupunguza nguvu za injini, kwa hiyo gari lilipaswa kwenda polepole zaidi mchana. Letu likawa kama mwanafunzi anayesinzia asubuhi na kuchangamka baada ya chakula. Deo aliifungua ile kabureta mara nyingi hata akawa anaifungua huku akiongea kwa simu.

Katikati ya hayo Wanja akanipigia. Wanja ni mfamasia, anaishi Katy, karibu na Houston, na mumewe Peter na binti yao mdogo, katika mtaa wa nyumba mpya wenye kamati ya kuusimamia, HOA, ambapo hata nyasi zinaonekana zimeulizwa kabla ya kuota. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nikistaafu mwisho wa mwaka nitauza nyumba ya Grand Prairie nihamie kwao.

"Mum, chumba chako kiko ready," alisema. "But the car is not coming."

"Gereji yenu ni ya magari mawili."

"And we have two cars. Na HOA hapa hawataki gari la zamani nje, wata-send barua kila wiki. Mum, you're sixty-three. Who even does that? Umewahi kushinda hata mara moja?"

Nilimwambia gari sasa linakimbia vizuri. Wanja ni mtoto wangu, anajua jibu la namna hiyo lina maana gani.

"Okay," alisema. "Nikupe deal. Win one round. Moja tu, kabla u-retire. Ukishinda, we'll talk. Ukikosa, unauza, na hatutaongea hiyo story tena."

Nilikubali, kwa sababu nilikuwa na kiburi na kwa sababu alikuwa na haki. Kisha nikakata simu, nikaenda gereji, nikakaa ndani ya gari langu bila kuliwasha. Niwaambie ukweli, niliogopa. Nilikuwa naacha kazi, naacha nyumba, naacha mji. Sikutaka kufika Katy nikiwa mzigo tu wa kupewa chumba. Nilitaka kufika nikiwa na kitu changu kinachonguruma. Zilibaki Jumamosi tatu za mashindano.

Ya kwanza tulitolewa, kama kawaida, 14.06.

Jumatano iliyofuata kliniki, mmoja wenu, na sitamtaja jina hapa, aliniletea namba zilizokataa kukubaliana. Mgonjwa alikuwa ametolewa kilo mbili na nusu za maji, lakini mizani ilisema amepungua kilo nne na nusu. Nilimtazama mgonjwa: mzima, anakula biskuti. Nilitazama kiti chake, na nyuma ya kiti palikuwa na koti la ngozi. Nililiinua. Mifukoni mlikuwa na nyundo, koleo na kopo la misumari, kwa sababu mzee yule alikuwa seremala na hakuamini kuacha vifaa kwenye gari.

"Ulimpima na koti?" niliuliza.

"Alikuja nalo."

"Na ulipompima baada?"

"Alikuwa ameshalivua."

Nikafungua mdomo nimpe somo la Loretta, somo lote, kuanzia mwanzo. Halikutoka. Nilisimama pale na koti la watu mkononi. Muuguzi yule alidhani nimekasirika. Amsamehe bibi yake. Nilikuwa nimeona pilau.

Nisimulie kuhusu pilau. Sisi hatuendi mahali mikono mitupu, na watu hawaji kukuona mahali bila kula. Tangu mwaka wa kwanza wa mashindano, watu wetu wa Grand Prairie na Fort Worth walizoea kuja kutushangilia, Wakenya, Warundi, Wakongo wawili watatu, wengi wao wametoka zamu ya usiku na hawaamki mpaka mchana. Kwa hiyo chakula kilikaa kwenye buti la gari la mashindano, kimefungwa kwa mikanda ya ghalani ya Deo, kikisubiri watu watimie. Mkaguzi alikuwa anakiangalia kila asubuhi, anavuta mikanda, anasema kimefungwa vizuri kuliko betri za watu wengi, na mchana anakuja na sahani yake. Saa nane tunafungua buti, tunaomba, tunakula, kila kitu kinaisha, vyombo na viti vinabaki chini pale kivulini. Saa tisa mchujo unaanza.

Gari langu lilikuwa linapimwa asubuhi na koti, na mchana bila koti. Mimi, ambaye nimepima watu kabla na baada kwa miaka ishirini na sita. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa na iliki na mdalasini.

Jumamosi asubuhi nilipeleka mizani ya bafuni kwenye gereji, Deo akaja na mkewe na vyakula. Tulipima kitu kimoja kimoja. Sufuria la pilau. Hotpoti mbili za chapati. Kuku. Kasha la barafu lenye soda na maji, ambalo Deo ilibidi alikumbatie huku amesimama kwenye mizani. Jiko na mkaa. Viti sita vya kukunja. Kilo sabini na moja.

"Huyo ni mtu mzima," Deo alisema.

"Mtu mzima kabisa. Tunambeba kila asubuhi, tunamla mchana."

"Basi watu wasile mpaka tumalize mbio," alisema, kwa sababu Deo ni fundi, na fundi hutafuta njia fupi.

"Watu hawaji kwa ajili ya kabureta, Deo. Wanakuja kwa ajili ya pilau. Sisi ndio tunawasumbua na mbio zetu."

Tulimpigia kaka mmoja wa kanisani mwenye gari kubwa, akakubali kubeba chakula kuanzia siku hiyo. Tukafika uwanjani na buti tupu, na mvua ikanyesha kama iliyokuwa ikitusubiri. Lami ikilowa hakuna mashindano. Tulikula pilau chini ya turubai, tukarudi nyumbani. Ikabaki Jumamosi moja tu, na hiyo ilikuwa upande wa Houston, ambako madereva wa kwetu hualikwa mwisho wa msimu kukutana na wa kule.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, masaa manne na nusu njiani bila kiyoyozi, tukalala kwa shemeji yake Deo karibu na uwanja. Hewa ya Houston si hewa ya kwetu. Ni nzito, ina maji, unaivaa. Injini nayo inaivaa. Asubuhi ya Jumamosi, buti likiwa tupu, tulikimbia majaribio matatu: 14.20, 14.21, 14.20. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Unyevu wa Houston ulikuwa umeturudishia uzito wa pilau.

Watu wetu walikuja, hata kutoka Fort Worth. Na kwenye viti vya juu, mwishoni kabisa, nikamwona Wanja na Peter na mjukuu wangu aliyezibwa masikio kwa vile vikombe vikubwa vya kuzuia kelele. Hakuwa ameniambia atakuja.

Deo alisimama mbele ya kioo na chaki.

"Shikamoo, Mama Wanja."

"Sema tu."

"Tuweke 14.25. Kidogo tu. Kwa usalama."

Nilitamani. Sehemu tano za mia ya sekunde ni kitu kidogo, ni kama kusema u mzima huku kichwa kinauma. Lakini nilikuwa nimepima kila kitu. Nilikuwa nimepima petroli, nilikuwa nimepima Deo, nilikuwa nimejipima mwenyewe na helmeti mkononi. Nikamnyang'anya chaki, nikaandika 14.20 kwa mwandiko mkubwa.

Mpinzani wangu alikuwa kijana wa Houston na pikapu nyekundu, ameandika 15.10. Kwa hiyo aliondoka mbele yangu, karibu sekunde nzima, na niwaambieni, sekunde nzima ukiwa umesimama na mwenzako anakwenda ni muda wa kutosha kutubu. Njano, njano, njano. Kijani. Nikaliondoa taratibu, likainuka, nikakanyaga mpaka mwisho. Pikapu ilikuwa mbali. Kisha haikuwa mbali. Nusu ya uwanja ikapita, na nikaanza kuiona taa yake ya nyuma, kisha mlango wake, kisha uso wake. Karibu na mwisho niliona nitampita, na mguu ukaniambia: punguza, unakwenda kasi mno, utavuka. Nikauambia mguu kwamba namba ile niliiandika mimi. Sikupunguza.

Kibanda cha karatasi kiko mwisho wa njia ya kurudia. Dada aliyekuwa dirishani alinipa yangu bila kunitazama. 14.21. Pembeni, chini ya jina la gari langu, lilikuwa limechapwa neno moja, mshindi, na tofauti: sekunde 0.03. Yaani sehemu tatu katika mia. Nililisoma mara nne. Kisha nikalia, na sikuona haya, nikaendesha gari hadi kwa watu wangu nikilia na kupiga honi.

Deo alipiga magoti kwenye lami, akafanya ishara ya msalaba. Mkewe akapiga vigelegele mpaka watu wa Houston wakadhani kuna harusi. Raundi ya pili niliondoka kabla ya taa ya kijani, nikatolewa palepale, na hakuna hata mmoja wetu aliyejali. Wanja alishuka ngazi pole pole akiwa amembeba mtoto. Aliichukua ile karatasi, akaisoma yote, na unyevu na joto na vyote, jinsi anavyosoma dawa.

"Okay," alisema. "Okay, Mum. One round."

"Ulisema tutaongea."

"Tutaongea nyumbani. Leta gari."

Nilimfuata hadi Katy, saa nzima na zaidi kwenye foleni, injini ikinguruma katikati ya magari yasiyo na sauti. Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno. Ningesema ninaweza kukodi mahali pa kuliweka. Ningesema ni kwa mwaka mmoja tu. Ningesema hata Peter analipenda, na hiyo ni kweli, ingawa Peter hasemi mbele yake.

Tulipoingia mtaani mwao, niliona gari la Wanja, lile jipya ambalo hajawahi kulilaza nje hata siku moja, limeegeshwa mbele ya nyumba, juani, ndege wameshaliandika. Akabonyeza kidude, mlango wa gereji ukapanda. Upande wa kushoto palikuwa patupu, pamefagiliwa. Rafu zilikuwa zimesogezwa ili boneti ipate nafasi, na mtu alikuwa amepima vizuri, kwa sababu ilitosha. Sakafuni, mahali hasa ambapo injini yangu hudondosha mafuta, palikuwa na katoni la nepi lililokunjuliwa, limebandikwa kwa gundi ya karatasi pembe zote nne.

Wanja alikuwa ameshaingia ndani kumlaza mtoto. Nilimgeukia Peter, nikamuuliza ni nani aliyepata muda wa kufanya yote hayo, nasi tulikuwa uwanjani tangu asubuhi.

"Ni yeye," Peter alisema. "Alikataa hata ni-help. Alifanya Thursday."

Alhamisi. Siku mbili kabla sijamshinda mtu yeyote.